Dakika Aliyoichagua Mchoraji: Hadithi kwenye Mitungi ya Wagiriki wa Kale

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya walimu wa sanaa, wanafunzi wao na wafinyanzi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa ukutani hazimo, kwa hiyo pale nilipokuwa nikionyesha kwa fimbo nimeeleza kwa maneno.

Ndugu zangu walimu, vijana wetu, na ninyi akina mama wafinyanzi mliokaa mstari wa mbele, habari za jioni.

Achilles amepata nne. Ajax amepata tatu.

Nianzie hapo, kwenye mchezo. Wanaume wawili, mashujaa wa Kigiriki katika vita vya Troy, wameketi wakitazamana. Katikati yao kuna kijimeza, na wote wawili wamekiinamia. Mkono mmoja uko kwenye kete, mkono wa pili umekamata mikuki. Wako vitani hawa, ila vita vimewapa nafasi ya kupumua. Achilles bado amevaa chapeo yake. Ajax ameivua ya kwake na kuiweka juu ya ngao iliyo nyuma yake. Mashuka waliyojitanda yamejaa nakshi ndogo ndogo mno, ambazo mchoraji amezikwangua moja moja kwa ncha kali kabla mtungi haujaingia motoni. Nywele, ndevu, ukingo wa deraya, kila kitu kimekwanguliwa kwa subira ambayo mimi sina. Na mbele ya kinywa cha kila mmoja kuna neno limeandikwa, kama vile ndiyo kwanza linamtoka: huyu anasema nne, yule anasema tatu.

Mtungi huo una kimo cha sentimita 61 hivi. Uko kwenye makumbusho ya Vatican, na ulitengenezwa Athens kati ya mwaka 540 na 530 kabla ya Kristo. Mwenyewe ametia saini, na saini imeandikwa kana kwamba mtungi ndio unaosema: Exekias alinifinyanga na kunichora.

Sasa niwaulize. Vita vya Troy ni vita vya miaka 10. Vimejaa mapigano, miungu, farasi, wafalme waliokasirika na mji uliochomwa moto. Kwa nini mtu aache yote hayo achore wanaume wawili wakicheza? Someni mashairi ya Homer, mshairi wa kale wa vita hivyo, mstari kwa mstari, hamtamkuta Achilles akicheza na Ajax. Hakuna andiko la kale lililotufikia linalosimulia mchezo huo. Lakini baada ya Exekias, wachoraji wengine waliirudia picha hiyo kwenye vyombo zaidi ya 100. Kwa nini?

Jibu langu ndilo neno nililokuja nalo jioni hii. Wachoraji hawa hawakuwa wakinakili hadithi. Walikuwa wakizichagulia dakika. Kila mtu Athens alizijua hadithi hizi tangu utotoni. Hakuhitaji mtungi umwambie nani alikufa. Kazi ya mchoraji ilikuwa kuamua: katika hadithi yote hii, nikusimamishe wapi?

Mtazamaji wa Athens akimwona Achilles ana nne na Ajax ana tatu, anajua yanayokuja. Achilles atapigwa mshale na kufa. Ajax, huyu huyu aliyeshindwa kwa namba moja, ndiye atakayembeba maiti yake begani na kuitoa katikati ya maadui. Kisha silaha za marehemu zitashindaniwa, na Ajax atashindwa tena, safari hii na Odysseus, mtu wa maneno matamu. Atarukwa na akili kwa uchungu, atachinja mifugo akidhani anawachinja makamanda wenzake, na akili zikimrudia atashindwa kuibeba aibu, ajiue kwa upanga wake. Yote hayo yamo ndani ya ile tatu. Exekias hakuchora hata tone moja la damu.

Na huyo Exekias hakuishia hapo. Kuna mtungi wake mwingine, uko Ufaransa, katika mji wa Boulogne-sur-Mer. Humo Ajax yuko peke yake. Wachoraji waliomtangulia walipenda kumwonyesha akiwa ameshaanguka, upanga umemtoboa kifua ukatokea mgongoni. Exekias akasema hapana. Ajax wake amechuchumaa, anaushindilia udongo kwa viganja kuzunguka mpini wa upanga alioupandikiza ardhini, ncha ikiwa juu. Mkulima apandaye mche huinama vivyo hivyo. Paji la uso limekunjamana, na mikunjo hiyo imekwanguliwa kwa mistari miembamba. Upande mmoja kuna mtende. Upande wa pili kuna ngao yake, na juu ya ngao chapeo tupu inayomwelekea kama mtu anayetazama. Basi. Hakuna mwingine.

Vijana, nyinyi mnaopenda filamu, hebu fikirini. Ni ipi inayoumiza zaidi: kumwona mtu ameshachomwa upanga, au kumwona anahakikisha kwamba upanga hautaanguka?

Msidhani kila mchoraji alikuwa na ubahili huo. Miaka kama 30 au 40 kabla ya Exekias kulikuwa na Kleitias, na Kleitias hakutaka kuchagua. Yeye alitaka zote. Yeye na mfinyanzi Ergotimos walitengeneza, karibu mwaka 570 kabla ya Kristo, krateri kubwa yenye kimo cha sentimita 66. Krateri, kwa wasioifahamu, ni chombo kipana cha kuchanganyia mvinyo na maji. Siku hizi kinaitwa Chombo cha François, kwa jina la Alessandro François, Mwitaliano aliyefukua vipande vyake katika makaburi karibu na Chiusi kuanzia mwaka 1844. Juu yake kuna watu na wanyama zaidi ya 200, kwenye mistari iliyopangwa kama nakshi za mkeka. Kuna uwindaji wa nguruwe wa Calydon. Kuna mbio za magari ya farasi katika mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles. Kuna harusi ya Peleus na Thetis, wazazi wa Achilles, na miungu inakuja kwa msafara. Kwenye kitako, mbilikimo wanapigana na korongo. Na wengi wao wameandikiwa majina yao. Si watu tu: kisima kimeandikwa "kisima", kiti kimeandikwa "kiti", na mtungi wa maji ulioangushwa na msichana anayekimbia umeandikwa "mtungi". Mtu huyu alikuwa amejifunza kuandika na alitaka dunia nzima ijue.

Nacheka, lakini tazameni mtungi ule ulioanguka. Msichana ni Polyxena. Yeye na kaka yake Troilus ni watoto wa mfalme wa Troy. Alikwenda naye kisimani, na Achilles alikuwa amewavizia hapo. Sasa Troilus anakimbia kwa farasi, Achilles anamkimbiza kwa miguu, na mtungi umelala chini ya kwato. Hata ndani ya msongamano wa Kleitias dakika moja imepenya: ile ya baada ya kuutupa mtungi na kabla ya kumkamata mtoto.

Chombo hicho kina mkasa wake wa pili. Mwaka 1900, katika makumbusho ya Florence, mlinzi mmoja mwenye hasira alirusha kigoda kwenye kabati la kioo. Chombo kikapasuka vipande 638. Kiliungwa upya, na miaka ya 1970 kikaungwa tena vizuri zaidi. Wafinyanzi nawaona mnatikisa kichwa. Najua.

Sasa niwaendee ninyi hasa, akina mama, kwa sababu jambo la pili ni la moto, na kwa moto mimi ni mwanafunzi wenu.

Ile rangi nyeusi inayong'aa, watu wengi hudhani ni rangi ya kupaka. Si rangi. Ni udongo ule ule. Udongo wa Athens una chuma kingi, ndiyo maana ukichomwa unakuwa mwekundu wa kupendeza. Mfinyanzi aliuloweka kwenye maji mengi, akaacha chembe nzito zishuke, akachukua zile laini kabisa zilizobaki juu, akapata uji mwembamba. Kwa uji huo ndio mchoraji alichora. Kabla ya kuchomwa, picha na mtungi vilikuwa karibu rangi moja. Mtu alikuwa anachora nusu kipofu, akiiona picha kichwani.

Kisha tanuru. Tanuru ilichomwa mara moja, kwa hatua tatu. Kwanza matundu yako wazi, hewa inaingia, joto linapanda hadi karibu nyuzi 800, na kila kitu kinakuwa chekundu. Hatua ya pili, matundu yanazibwa na kuni mbichi zinatiwa. Moshi. Joto linafika kama nyuzi 950, hewa hakuna, na mtungi wote unageuka mweusi, tumbo hadi kitako. Ninyi mnaofunika chungu cha moto kwa majani ili kipate weusi mnajua ninachosema. Lakini hapa kuna siri: katika joto lile, ule uji laini unaanza kuyeyuka kidogo na kujifunga kama kioo. Hatua ya tatu, matundu yanafunguliwa tena wakati joto linashuka. Hewa inarudi. Udongo wa kawaida una vitundu, unavuta hewa, unarudi kuwa mwekundu. Ule uji uliokwisha kujifunga hauvuti kitu. Unabaki mweusi.

Hakuna kipimajoto, jamani. Hakuna saa. Akiwahi kufungua, picha inafifia na kuingia wekundu. Akichelewa, mtungi wote umekwenda. Wachimbaji wamekuta vigae vilivyotobolewa tundu katikati. Mfinyanzi aliviingiza tanuruni pamoja na mitungi, na moto ukiwa bado unawaka alivivuta kwa kulabu ili aone kazi imefika wapi. Nendeni makumbusho yoyote makubwa, tafuteni mtungi wenye doa jekundu mahali palipotakiwa kuwa peusi. Mara nyingi ni alama ya mtungi mwingine uliougusa au uliouzuia moto. Mimi madoa hayo nayapenda kuliko saini.

Na hofu ya tanuru nayo ilikuwa na hadithi zake. Kuna shairi la kale, ambalo watu wa zamani walidai ni la Homer, ambapo mwimbaji anawaambia wafinyanzi: mkinilipa, nitamwomba mungu wa kike Athena aikinge tanuru yenu, mkinidhulumu, nitawaita mashetani. Na anawataja kwa majina: yumo mvunjaji, yumo mpasuaji, yumo yule wa moto usiozimika. Mnaona? Hata waliochora miungu kwa mshahara waliiogopa miungu ya kazini kwao.

Walikuwa nani watu hawa? Wengi hatuna majina yao. John Beazley, mwalimu wa Oxford, alitumia maisha yake kuwatofautisha kwa namna wanavyochora sikio, kifundo cha mguu, mkunjo wa nguo, na wale wasiotia saini akawapa majina ya kubuni. Ndiyo maana leo kuna Mchoraji wa Berlin, ambaye aliishi Athens miaka 2,500 iliyopita na aliitwa hivyo kwa sababu mtungi wake mzuri uko Berlin. Katika wale waliotia saini, kuna majina yanayoonyesha ugeni: Lydos, yaani mtu wa Lydia, Amasis, jina la Kimisri. Na kuna mtungi mmoja wa maji unaoonyesha karakana yenyewe. Mungu wa kike Athena na malaika wake wa ushindi wanaingia na mataji kuwavika wachoraji vijana. Pembeni kabisa, kwenye jukwaa, ameketi mwanamke anayechora mpini wa krateri. Yeye hapewi taji na mtu. Sina la kuongeza.

Karibu mwaka 525 kabla ya Kristo, mtu fulani Athens aliigeuza kazi yote nje ndani. Badala ya kuchora watu weusi kwenye udongo mwekundu, akajaza weusi pembeni na kuwaacha watu na rangi ya udongo. Sasa mistari ya mwili haikukwanguliwa tena kwa chuma, ilichorwa kwa brashi, nzito au hafifu kama maji. Msuli ukaweza kujipinda. Vijana wa kizazi hicho walishindana waziwazi. Euthymides alichora walevi watatu wakicheza, mmoja wao amegeuza mgongo, na pembeni akaandika kwamba Euphronios hakuwahi kufanya hivi kamwe. Kwenye mtungi! Wa kuuzwa! Wanafunzi wangu mkiandikiana hivyo kwenye michoro yenu nitawaita ofisini, lakini moyoni nitafurahi.

Jambo la tatu. Tusisahau kwamba hivi vilikuwa vyombo vya kazi. Vilibebea maji, vilihifadhi mafuta, vilichanganya mvinyo, vilipelekwa makaburini. Hata makaburini watu waliiba kidogo: baadhi ya vile vichupa vyeupe vya mafuta vilivyowekwa kaburini vina kikombe kidogo kilichofichwa shingoni, ili vionekane vimejaa wakati mafuta ni ya vijiko vichache.

Mahali penyewe pa hadithi palikuwa karamu ya mvinyo. Wanaume wamejilaza kwenye makochi, krateri iko katikati, taa hafifu, mpiga filimbi anapiga. Kikombe ni kipana, kina vishikio viwili na mguu mwembamba. Nje ya baadhi ya vikombe yamechorwa macho mawili makubwa. Mnywaji akikiinua kunywa, walio mbele yake hawauoni uso wake tena: wanaona kinyago, vishikio vikiwa masikio. Naye anapokunywa, picha iliyoko ndani, chini kabisa ya kikombe, inaanza kujitokeza. Kwa hiyo dakika ya kuiona hadithi anaipanga mlevi mwenyewe.

Exekias, na mnisamehe, sichoki kumtaja, alitengeneza kikombe ambacho sasa kiko Munich. Ukikimaliza unamkuta Dionysos, mungu wa mvinyo, amejilaza ndani ya mashua yenye tanga jeupe. Mzabibu umepanda kwenye mlingoti, una vishada saba, na kuzunguka mashua wanaogelea pomboo saba. Mabaharia wako wapi? Hao pomboo ndio mabaharia. Walikuwa maharamia, walimteka kijana mzuri ili wamuuze, hawakujua ni mungu. Mizabibu ikaota chomboni, wakaruka baharini kwa woga, wakageuka. Exekias ameuruka utekaji, ameuruka woga, ametupa bahari iliyotulia baada ya yote. Na chini ya mashua hakuchora hata wimbi moja. Bahari ilikuwa ni mvinyo wako.

Mwingine, anayeitwa Mchoraji wa Brygos, alikuwa na ucheshi wa aina nyingine. Kikombe chake kilichoko Würzburg, Ujerumani, kina walevi wanaopepesuka nje. Unakunywa, unakunywa, ukifika chini unamkuta kijana anatapika na msichana amemshika kichwa. Mwenye masikio na asikie.

Nafika sasa kwa Memnon, na hapa Waafrika wenzangu naomba msikilize vizuri.

Memnon alikuwa mfalme wa Waethiopia, na kwa Wagiriki Ethiopia ilikuwa nchi ya mbali, kusini ya Misri, ukingoni mwa dunia. Mama yake ni Eos, yaani Alfajiri. Alikwenda Troy kuwasaidia waliozingirwa, akapigana vizuri, akauawa na Achilles. Wachoraji waliipenda hadithi hii. Wengine walichora mizani inayopima roho za wanaume wawili, na mama zao, Thetis na Eos, wakiomba kila mmoja kwa ajili ya mwanawe. Mchoraji Douris alichagua dakika ya baadaye. Ndani ya kikombe chake kilichoko Louvre, Paris, cha karibu mwaka 490 hadi 480 kabla ya Kristo, Alfajiri mwenye mabawa ameinama kuinyanyua maiti ya mwanawe. Mwili hauna nguo, hauna silaha, mikono inaning'inia, ndevu zimeelekea chini. Mama anamtazama usoni. Kila asubuhi, walisema washairi wa baadaye, umande ni machozi yake.

Sasa swali ambalo najua liko midomoni mwenu: Memnon amechorwa Mwafrika? Kwa kawaida, hapana. Mfalme mwenyewe anachorwa kama shujaa yeyote wa Kigiriki, na ni askari wake wanaochorwa Waafrika, nywele za kipilipili na pua pana. Ndivyo alivyofanya Exekias kwenye mtungi ulioko British Museum, na pembeni ya mmoja wa askari hao akaandika jina Amasis. Wataalamu wengine wanaona alikuwa anamtania mshindani wake mwenye jina la Kimisri. Kuna vikombe vilivyofinyangwa kwa umbo la kichwa cha Mwafrika, vingine vizuri mno. Na kuna mtungi ulioko Athens ambapo shujaa Herakles, ambaye Wamisri wa mfalme Busiris walitaka kumchinja kama kafara, amewageukia, amemshika mmoja miguu na kumzungusha hewani kama rungu, na wengine wanatawanyika. Mgiriki alicheka hapo. Mimi naona mkono hodari sana wa mchoraji, na naona pia nani alipewa sura ya kukimbia. Yote mawili yamo kwenye udongo mmoja, na sioni sababu ya kulificha moja ili tulisifu jingine.

La mwisho, na nitakuwa mfupi kwa sababu naona mwenyekiti anaangalia saa.

Mitungi mingi mizima tuliyonayo haikupatikana Ugiriki. Ilipatikana Italia, makaburini mwa Waetruski, waliokuwa wateja wakubwa wa Athens. Mfanyabiashara Nikosthenes hata alitengeneza mitungi yenye umbo la vyombo vya kwao ili wanunue zaidi. Karne ya 18 watu wa Ulaya waliamini vyombo hivi ni vya Waetruski wenyewe. Josiah Wedgwood alipofungua kiwanda chake cha vyombo Uingereza mwaka 1769 alikiita Etruria.

Mwaka 1971, wezi wa makaburi walichimba karibu na Cerveteri, kaskazini ya Roma, wakatoa krateri iliyochorwa na yule yule Euphronios aliyetaniwa. Ni ya karibu mwaka 515 kabla ya Kristo, na inaonyesha kifo cha Sarpedon. Sarpedon alikuwa mwana wa Zeus, mkuu wa miungu. Zeus alitaka kumwokoa, mkewe Hera akamkatalia: ukimwokoa wako, kila mungu atataka kumwokoa wake. Basi Zeus akanyamaza, akanyesha mvua ya damu. Euphronios ameuacha ugomvi wa miungu, ameuacha mkuki wa Patroclus uliomuua. Amechora kinachofuata: Usingizi na Kifo, ndugu wawili wenye mabawa na deraya, wanauinua mwili mkubwa wa Sarpedon kuurudisha kwao Lycia. Damu bado inatiririka kwenye majeraha kwa mistari myekundu. Kope zimefumba. Kidole kimoja kimoja kimechorwa. Nyuma amesimama Hermes, mjumbe wa miungu, akisimamia safari.

Mwaka 1972 makumbusho ya Metropolitan ya New York iliinunua kwa dola milioni 1, bei ambayo chombo cha udongo hakikuwahi kufikia. Italia ikadai kwa miaka mingi. Mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano, na Januari 2008 krateri ikarudi. Leo iko kwenye makumbusho ya Cerveteri kwenyewe.

Imerudi, lakini kaburi halikurudi. Ililala na nani? Mwanamume au mwanamke? Kulikuwa na vikombe vya aina moja pembeni yake, vyenye hadithi iliyoendana na hii? Aliyeichagua iingie naye kaburini alimwona Sarpedon, au aliona tu maiti inayobebwa vizuri? Mwizi hakuandika daftari. Kwa hiyo walimu, mkiwapeleka watoto makumbusho, wafundisheni kusoma pia ule ubao mdogo wa maelezo, na waulize: kilitoka wapi, kilitolewa na nani, mwaka gani?

Asanteni kwa kunivumilia. Tuingie kwenye maswali. Naona mama mmoja hapa mbele mkono umesimama tangu nilipotaja tanuru, kwa hiyo tuanze naye.